Chipsi za Shakwe

Ukitaka kula huku unatazama Opera House ya Sydney, agiza sahani mbili za chipsi: yako na ya shakwe. Ndege hao hawabishi hodi. Hushuka, wakadokoa, wakaenda zao. Imebidi waletwe mbwa wa kuwafukuza. Anayebaki na bili ni wewe, na ikiwa ni Jumapili, mikahawa mingi hukuongezea asilimia 10. Usinung'unike, ndio jadi ya pale: jengo lenyewe lilikadiriwa dola milioni 7, likafunguliwa 1973 limekula milioni 102. Msanifu wake, Jørn Utzon, aliondoka 1966, asirudi kuliona limekamilika. Mjanja yule! Nawe panda feri ya Manly, utalitazama kwa nauli tu. Chipsi kazile ndani, madirisha yamefungwa.