Shemeji Kalipa

Bwana mmoja wa Mbagala siku hizi akifika Kariakoo huzunguka mtaa mzima ili mama ntilie asimwone. Juma lililopita alimkaribisha shemeji yake chakula cha mchana: wali samaki sahani mbili, soda baridi, na ile "agiza shemeji, usiogope". Ukafika muda wa kulipa. Akatoa simu, chaji asilimia 14. Akaingiza lipa namba, akaingiza kiasi, na alipofika tarakimu ya tatu ya namba ya siri, kioo kikawa cheusi. Akabonyeza. Nembo ikawaka, ikazima tena.

"Kaka, imeisha chaji au limeisha salio?" mama aliuliza, kwa sauti iliyofika benchi la nyuma.

Shemeji kalipa. Na nauli ya daladala kalipa yeye.

Hapohapo benchi zima likageuka mafundi. Mmoja akashauri simu iwekwe kwenye friza. Mwingine akasema dawa ni kuiacha ifike sifuri kabisa kabla ya kuchaji, ushauri uliozifaa betri za nikeli na kadimiamu za zamani. Hizi za lithiamu, zilizoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991, huumizwa nao.

Ajabu ni kwamba umeme ulikuwamo. Ndani ya betri hakuna geji inayosoma moja kwa moja kiasi kilichobaki. Simu hupima volti, huhesabu umeme unaoingia na kutoka, kisha hukisia. Betri ikichoka, ukinzani wake wa ndani hupanda. Sasa mwenye simu yuko juani, kaongeza mwanga wa kioo hadi mwisho, na katikati ya maghorofa simu inahangaika kuufikia mnara kwa nguvu zote. Vyote vinadai umeme kwa mpigo. Volti zinaporomoka, simu inajizima kujilinda, na zile asilimia 14 zinabaki humohumo, kama fedha za benki siku ya sikukuu.

Kinachoichosha betri mapema ni joto, pamoja na kushinda imejaa hadi 100. Simu iliyochajiwa usiku kucha chini ya mto hupata yote mawili. Anayeichaji ikifika 20 na kuichomoa kwenye 80, akaiweka mbali na jua la dashibodi, huongeza umri wa betri. Kufungafunga programu kila dakika hakusaidii. Kuziwasha upya hula chaji zaidi.

 

Lakini lawama zote zisimwangukie mtumiaji. Desemba 2017 Apple ilikiri kuwa programu yake ilipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ati zisizime ghafla. Wateja walipokasirika, bei ya kubadilishiwa betri ikashuka kutoka dola 79 hadi 29. Kumbe iliwezekana! Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilifunguliwa mgongo kwa ukucha, betri ikatoka, ikaingia nyingine, mazungumzo yakaendelea. Leo betri imegandishwa kwa gundi, na Umoja wa Ulaya umelazimika kutunga kanuni, yenye misamaha yake, ili kuanzia Februari 2027 mwenye kifaa aweze kuitoa mwenyewe.

Hiyo ni Ulaya. Kariakoo fundi hupasha simu joto, huchokonoa gundi kwa kadi ya plastiki, na kabla hajaanza humtahadharisha mteja: kioo kikipasuka, tusijuane.