Muulize Shangazi: Askari Wangu Wanakwisha

Safu hii ilikuwa ya ndoa, mawifi na madeni ya kikoba. Siku hizi barua zinazoletwa ni za vita. Vijana kutoka Jaribu mpaka Ikwiriri wanajenga ngome za mawe kwenye simu, wanafuga farasi wasiokula nyasi, halafu wanamwandikia Shangazi kwamba jeshi limeteketea. Shangazi hachezi gemu. Lakini delta hii yetu imekwisha kuona majeshi ya kweli yakija na kuisha, kwa hiyo atajibu.

*Shikamoo Shangazi. Nilituma wapanda farasi 6,000 ng'ambo ya mto, mbali sana, kuvamia ngome yenye mikuki. Wamerudi 200. Nilikosea wapi? Amiri Asiyelala, Bungu.*

Marahaba mwanangu, amiri usiye na jeshi. Farasi humpelekei mwenye mkuki, unampelekea mpiga upinde. Hilo wenzako wa kijiweni wangekwambia bure. Mimi naona ulishapoteza kabla ya kufika.

Mwaka 1916, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, Jenerali Smuts wa jeshi la Waingereza aliwakimbiza Wajerumani kutoka Kilimanjaro akielekea kwetu Rufiji, na farasi wengi. Mbung'o waliwamaliza. Kikosi cha tisa cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilianza Februari na watu 1,135. Kufika Oktoba waliobaki wazima walikuwa 116, na mapigano yenyewe hawakuyapata mengi. Malaria na kuhara havikungoja tarumbeta. Mvua za 1917 zikafurisha mto, na Wanigeria wa jeshi hilo hilo waliokuwa huku wakabaki kwenye nusu posho.

Sasa chukua karatasi. Mpagazi anabeba kilo 25 na anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku 12 kwenda na 12 kurudi, anakabidhi kilo moja tu; nyingine zote zimeishia tumboni mwake. Ndiyo maana jeshi lilizidi kudai watu, wakachukuliwa vijijini, wakawa wengi kuliko askari, wakapewa unga ambao hata kuupika vizuri hawakupata nafasi. Waingereza wenyewe waliandika vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na wako wanahistoria wanaoamini idadi halisi ilikaribia mara mbili ya hapo. Von Lettow-Vorbeck, yule Mjerumani anayesifiwa mpaka leo kwa kulinda askari wake, alikuwa anakula chakula cha vijiji alivyopita na kubebewa mizigo na wanavijiji hao hao. Hasara yake ilikuwa ndogo kwa sababu iliandikwa kwenye daftari la mtu mwingine.

Basi mwanangu, piga ngome za karibu, tuma mpelelezi kwanza, na wodi ya majeruhi uipanue kabla ya kambi ya farasi. Wodi ikijaa, majeruhi wako wanahesabiwa maiti.

*Shangazi, nina jeshi moja tu zuri. Muungano mkubwa umenizunguka. Nijifiche au nitoke? Nahodha wa Nyamisati.*

Wewe wa Nyamisati ndiye unaniuliza mimi kujificha? Nenda Salale ukaulize. Septemba 20, 1914 manowari ya Wajerumani Königsberg, ya nahodha Max Looff, iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, kisha ikaingia kwenye mikoko yetu, makaa haba na mitambo ikitaka matengenezo. Mabaharia wake wakafunga matawi kwenye milingoti. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia, maji mafupi. Wakazamisha meli yao wenyewe, Newbridge, ili kuziba mkondo. Delta ina milango mingi, haikusaidia sana. Mwishowe wakaleta Severn na Mersey, vyombo vya mito visivyozama kina, pamoja na ndege za kuelekeza mizinga zilizorushwa kutoka Mafia. Julai 6, 1915 wakashindwa. Julai 11 wakafaulu, na Looff akaamuru meli yake imalizwe palepale.

Unadhani alishindwa? Kwa miezi minane aliwashughulisha maadui wengi waliotakiwa kwingine. Mabaharia wake wengi alikuwa amekwisha kuwapeleka nchi kavu, na mizinga yote kumi ikatolewa majini ikapigana bara. Jifiche, lakini usiwafiche wote pamoja.

*Shangazi, nilinunua kinga ya saa nane kwa pesa ya mbolea ya mikorosho. Nilipotoka kushambulia, kinga ikapotea, nikapigwa. Nimetapeliwa? Aliyeungua, Muhoro.*

Hujatapeliwa, hukusoma. Kwenye magemu hayo kinga ni ya anayekaa nyumbani, ukishambulia inavunjika.

Lakini umeandika kutoka Muhoro, kwa hiyo hapa sicheki. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga wa Maji Maji, Agosti 4, 1905. Maji yake ya dawa, aliyowapa watu kule Ngarambe, hayakuzuia risasi. Mwisho wa mwezi ule, kule Mahenge, watu walitembea uwanjani mchana kweupe kuielekea bunduki ya rashasha. Ila maji yale yaliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na Wangoni, watu ambao hakuna mtawala aliyetegemea wangesimama pamoja. Dawa ilifanya kazi kwenye muungano, ikashindwa kwenye ngozi. Waliosalia wakaacha uwanja, wakavizia msituni. Wajerumani nao wakaacha kuwatafuta msituni, wakachoma mashamba na maghala. Njaa ikaua watoto na wazee ambao hawakuwahi kushika mkuki. Kwa hiyo ukijiunga na muungano, uliza kwanza chakula kimehifadhiwa wapi. Na pesa ya mbolea irudishe kabla baba hajauliza.

*Shangazi, mume wangu anakesha kulinda ngome. Juzi kamba wetu wameoza kwa kuwa hakwenda kuchukua barafu. Niondoke? Mama Kamba, Kibiti sokoni.*

Usiondoke, mwanangu, utamwachia uwanja. Zingira. Chaja iende kwa mama yako, bando usimnunulie, na chakula cha usiku kiliwe saa kumi na mbili kamili, mezani, simu ikiwa mbali. Siku ya tatu atakuja kuomba amani. Usikubali mpaka alipe fidia ya kamba, na barafu ya wiki nzima alete mwenyewe.