Ulimi wa Babu

Vita vilianza mezani, hapa Sakina, Arusha, Babu alipopiga mwayo na shangazi akachungulia. "Baba, loshoro bado hujaimeza?" Babu akafunga kinywa kwa hasira. Loshoro, chakula chetu cha maziwa mgando, aliila juzi. Utando ule mweupe ulikuwa umetanda ulimini na ndani ya mashavu, na shangazi alipoukwangua kwa pindo la khanga lenye chumvi, ulitoka na damu. Babu akamwaga matusi ya Kiarusha ambayo sisi wajukuu tulishasahau maana yake.

Mama akasema ni maji ya huku chini ya Meru, yana floridi nyingi. Lakini floridi hutia meno rangi ya kahawia, haina habari na ulimi. Baba mdogo hakusema kitu. Akainamia simu tu. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1990 wanakumbuka mtaani ulimi mweupe ulimaanisha nini: UKIMWI. Babu akaielewa ile simu, akagoma kwenda hospitali. "Nipite barabara ya Namanga watu wanihesabie siku?"

Shangazi akaleta GV, ile dawa ya zambarau. Kidogo kiliingia kinywani. Kingine kikaishia kwenye ndevu, kwenye vitambaa vya makochi na kwa paka.

Chakula kilipoanza kumchoma, Babu akasalimu amri. Daktari alimpima sukari na VVU, maana vyote viwili huweza kuleta hali hiyo. Salama. Kisha akamwomba avute dawa yake ya kukinga pumu. Babu akavuta, akafunika kikopo.

"Husukutui?"

"Nisukutue hewa?"

Hewa hiyo ina steroidi. Ikibaki kinywani hudhoofisha kinga ya hapo, na Candida, fangasi anayeishi vinywani mwa wengi wetu bila fujo, huanza kuzaana. Meno ya bandia yalimwongezea fangasi huyo maficho: Babu hulala nayo tangu usiku mwizi wa kuku alipomkuta kibogoyo, naye Babu akapiga yowe lisiloeleweka. Antibiotiki za kifua alizomaliza karibuni nazo zilikuwa zimeua bakteria wanaomdhibiti fangasi huyo.

Akapewa matone ya nistatini.

Mwenye mzee wa pumu nyumbani, mwekee kikombe cha maji kando ya kikopo: avute, asukutue, ateme. Meno ya bandia yavuliwe usiku na kusafishwa. Kichanga naye hupata utando huu. Msimkwangue, mpelekeni kliniki.