Mgonjwa Ana Kilo Ngapi?

Bujumbura ukisema samaki wako anaumwa, mtu wa kwanza atakuuliza kama mkaa upo. Wa pili ataulizia ndimu. Siwalaumu. Mji wetu umekaa ukingoni mwa Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita 1,470, na tangu utotoni tunajua ndagala ni wa kukausha, mukeke ni wa kuchoma, sangala ni wa siku ya wageni. Samaki wa kutazamwa hana fungu lake.

Wetu waliingia nyumbani Buyenzi kwa sababu ya binti yangu na ile filamu ya mwaka 2003, Finding Nemo. Alimtaka yule yule, wa rangi ya chungwa na mistari myeupe. Nikamweleza kwamba yule ni wa baharini, na bahari iko mbali zaidi ya kilomita elfu moja. Kwamba maji yake yanataka chumvi kama gramu 35 kwa kila lita, tena chumvi maalumu. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele, akasema chumvi ya nyumba hii ni ya maharage. Shauri likaisha.

Tukachukua wenyeji wa ziwa: kundi la makinda wa Tropheus duboisi, weusi tii, wamenyunyiziwa madoa meupe mwili mzima. Kundi, kwa sababu ni wagomvi, na wakiwa wachache mnyonge hupigwa hadi afe. Ng'ambo samaki wa namna hii wana wapenzi wao. Mbelgiji Pierre Brichard aliishi hapa hapa Bujumbura akiwasafirisha wakiwa hai, na mwaka 1978 akatoa kitabu juu ya samaki wa ziwa letu. Mama mkwe alipoambiwa kuna watu Ulaya wanaoweka samaki wa Tanganyika ndani ya kioo na kumtazama tu mpaka afe kwa uzee, aliwaombea dua.

Basi mmoja akaanza kususa chakula. Akajibanza pembeni, tumbo limevimba, anahema haraka haraka, na nyuma anaburuta uzi mweupe ambao sitaueleza zaidi, maana huenda unasoma ukiwa mezani.

Nyumba ikajaa madaktari. Hajji wa jirani alisema ni kijicho. Samaki mzuri vile amewekwa sebuleni, kila mgeni anamsifu bila kusema mashallah. Fundi wa redio akashika umeme: ukikatika, pampu inalala, hewa inakwisha. Hoja yake ilikuwa na maana, ila wenzake wote walikuwa wazima na bado wanapigana. Mimi nilishuku klorini ya maji ya bomba, lakini maji yetu hulala kwanza kwenye ndoo iliyo wazi.

Ndipo akaja shemeji yangu, anayesomea uuguzi, simu mkononi. Akainama, akatazama, akatoa hukumu: ugonjwa wa madoa meupe! Akatusomea yote, jinsi kijidudu kinavyojichimbia ngozini, jinsi kinavyoambukiza, na kwamba watu hupandisha joto la maji na kutia chumvi. Kisha akawatazama samaki wengine, akaona wote wana madoa, akatangaza mlipuko. Ilitubidi tumkalishe na kumpa chai ndipo akubali kwamba samaki hawa madoa ndiyo nguo zao za utotoni. Wakikua yanafutika, kichwa kinageuka buluu.

Ukweli ulikuwa nyuma ya kioo, ndani ya kopo la maziwa: unga wa ndagala.

Tropheus ni mla mwani. Siku nzima anakwangua majani ya mawe, na utumbo wake mrefu umeumbwa kwa kazi hiyo. Ukimlisha vya nyama kila siku tumbo linakwama, na vijidudu vilivyokuwa vimetulia humo vinapata sherehe. Mama mkwe hakukana. "Mtoto hakui kwa majani matupu," alisema. "Tena ndagala wanatoka ziwa moja naye. Wanajuana."

Nikaenda duka la dawa kutafuta flajili.

"Mgonjwa ni mtu mzima au mtoto?"

"Kinda."

"Ana kilo ngapi?"

"Hafiki hata robo ya robo kilo."

Dada yule akaweka kalamu chini. Nilipomwambia ni samaki, akageuka akamwita mwenzake aje asikie mwenyewe. Dawa walinipa, na ushauri wa kumchoma pia, bure.

Kipimo cha dawa hii hufuata wingi wa maji, si uzito wa mgonjwa. Tulisaga vidonge, tukabadilisha maji, tukafunga jiko la samaki kabisa. Hilo la mwisho ndilo lililoleta matanga. Mama mkwe hakuwahi kuona nyumba ambayo mgonjwa ananyimwa uji, akahoji mbele ya Hajji ni ukoo gani huu aliomwozesha binti yake. Binti yangu ikabidi alinde kioo kama askari wa benki.

Samaki alipona. Asubuhi alipopata choo cha kawaida, Hajji aliitwa ashuhudie, na sebule nzima ikasema Alhamdulillahi. Siku hizi wanakula lengalenga iliyochemshwa kidogo, na mama mkwe ndiye anayewachemshia, bila ndagala, kwa uso wa mtu aliyeshindwa kesi.

Karibuni Buyenzi. Chai ipo, mandazi yapo. Samaki wameshakula.