Barua ya Wazi kwa Mamlaka Husika
Yah: Jua kuingia katika hifadhi ya barabara bila kibali

Kwa heshima na taadhima, Mamlaka Husika inajulishwa kwamba wakazi wa Kibaha na Kisarawe wamevumilia vya kutosha vituo vya daladala visivyo na kivuli, na kwamba madai yao si ya starehe bali ya usalama wa mifupa. Joto kali humpunguzia mtu maji mwilini, humnyima usingizi na kuchelewesha mwitiko, yaani muda unaopita kati ya jicho kuona hatari na mkono kushika breki, ndiyo maana tafiti za miji mingi duniani zimebaini kuwa majeruhi huongezeka siku za joto. Katika Barabara ya Morogoro hilo halihitaji mtafiti: bodaboda huvua kofia ngumu na kuitundika kwenye kioo cha pembeni kwa kuwa kichwa kinachemka, ilhali abiria hujipanga mstari mmoja ndani ya kivuli cha nguzo ya umeme, na mwanzoni mwa Machi, jua linapokaa utosini na kivuli hicho kutoweka, huhamia ubavuni mwa lori lililoegeshwa, ambalo dereva wake huweza kuliondoa wakati wowote.

Kwa kuwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatambua hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na kwa kuwa jua huingia humo kila asubuhi bila kibali cha maandishi, inaombwa lipigwe alama ya X. Alama hiyo iwe nyekundu, ya wasiolipwa fidia, wala si ya kijani, kwani hoja ya kutangulia kuwapo haikuwasaidia wenye nyumba zilizobomolewa wala miembe yao iliyoangushwa. Lipewe notisi ya siku 30 ili lijibomoe kwa hiari. Likikaidi, liletewe katapila, askari wa kulinda amani na mpiga picha wa gazeti, kisha lidaiwe gharama za ubomoaji. Mbinu hii imekwisha kufanikiwa dhidi ya kila kilichowahi kutoa kivuli.

Walioangusha miembe hiyo walikuja katika magari yenye kiyoyozi na kuondoka katika magari hayohayo, na anayevunjika paja akisaka kivuli, akafikishwa Hospitali ya Tumbi, ndiye huitwa mzembe. Lugha hiyo haifai katika barua rasmi. Mamlaka Husika inaombwa radhi.

Kisarawe, wilaya yenye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, igawiwe walau mti mmoja kwa kila kituo. Kipupwe, yaani msimu wa ubaridi wa Juni hadi Agosti, nacho kiagizwe kisiwatie ganzi vidole vya kushikia breki bodaboda wa alfajiri waliovaa makoti mbele nyuma.

Endapo jibu litakuwa kwamba suala hili liko kwenye mchakato, inapendekezwa mchakato huo ukae kituoni Maili Moja, saa saba mchana, bila mwavuli.