Muulize Bi Kitalu: Mti Hauna Kosa

Wasomaji wangu, safari hii mmenijazia meza barua za maua ya kunukia, na karibu kila barua inaanza kwa kuushitaki mti. Mti hautoi maua, mti unanukia kupita kiasi, mti umepita paa, mti umekauka bila sababu. Nimezisoma zote, kwa miwani na bila miwani. Kwa kesi nilizoziona, mti hauna kosa, na mara nyingi mshitaki ndiye mshitakiwa. Tuanze.

Bi Kitalu, shikamoo. Nina mwasumini ambao nimeuhudumia kuliko ninavyomhudumia mume wangu. Nimeupa mbolea ya kuku, samadi ya ng'ombe, na ile mbolea nyeupe ya dukani ya kukuzia mahindi. Umenawiri, majani yanameta, lakini ua hata moja sijaliona. Wifi yangu mwasumini wake umo kwenye debe lililotoboka, haujui mbolea wala pole, na kila jioni anapita mlangoni kwangu na koja kichwani. Ananiringia. Nifanyeje?
*Mwenye Majani, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Mti wako umeshiba. Mbolea ulizoutilia zimejaa naitrojeni, na kazi ya naitrojeni ni kujenga majani na matawi. Mti uliolishwa hivyo hauna haja ya kuhangaika na maua. Lile debe bovu unalolidharau ndiyo siri yenyewe: mizizi imebanwa, maji hayatuami, na naamini liko mahali panapopigwa na jua.

Acha mbolea ya kukuzia kabisa. Hakikisha mti unapata jua la saa sita kwa siku. Mwasumini wa kivulini hutoa majani na ahadi. Kisha shika mkasi. Asumini huchanua kwenye ncha za machipukizi mapya, kwa hiyo punguza matawi kwa theluthi moja, na urudie kila baada ya mkupuo wa maua. Machipukizi yakianza, tia mbolea kidogo yenye fosforasi na potasiamu zaidi. Usiogope kukata. Mti unaoonewa huruma na mkasi utapanda ukuta, utapanda paa, na maua utayatafuta kwa darubini.

Sasa la wifi. Mwasumini huu wetu ni nadra kufunga mbegu, hivyo karibu kila mti uuonao mtaani ulitokana na kitawi cha mti wa mtu mwingine. Nenda kwake na sahani ya vitumbua, uombe kitawi cha urefu wa shibiri, kisiwe kichanga wala kikavu, chenye vifundo vitatu au vinne. Ondoa majani ya chini, kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, ukiweke kivulini mpaka kishike. Mvua za masika ndio wakati wake. Utakuwa na mti wa pili, na wifi atakuwa na jambo la kujivunia kwa haki. Kuringiwa na mtu aliyekupa si sawa na kuringiwa na mtu aliyekunyima.

Shikamoo Bi Kitalu. Mume wangu kaleta mti wanaouita malkia wa usiku, akaupanda chini ya dirisha la chumba cha kulala. Mchana hauna habari. Ikifika saa mbili usiku harufu inaingia mpaka kichwa kinagonga, nalala na kanga puani. Mama mkwe anasema mti ule unaita nyoka. Mume anasema kosa ni langu, sipendi zawadi zake.
*Kanga Puani, Dar es Salaam*

Marahaba. Kila mmoja hapo nyumbani kwako ana haki kidogo, isipokuwa dirisha.

Mti huo hufungua vijiua vyake vyembamba vya rangi ya kijani-nyeupe jua likishazama, kwa sababu wageni wake ni nondo wanaoruka gizani. Harufu ndiyo inayowaonyesha njia, nayo lazima iende mbali. Kwa hiyo imetengenezwa inuswe kutoka umbali, na wewe unainusa kwa kipimo cha mdomoni mwa ua. Lazima kichwa kigonge.

Mti uhamie langoni, au pembe ya mbali ya uwanja, hatua ishirini na zaidi kutoka chumbani. Angalia na upepo: kuanzia Aprili hadi Septemba kusi linatoka kusini, na kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi linatoka kaskazini mashariki. Ukiupanda upande wa magharibi wa nyumba, mwaka mzima harufu itakuja kwa adabu. Huna haja ya kung'oa shina zima; kitawi kikichomekwa masika kinashika upesi. Na kama mna watoto, wafundisheni kwamba vile vitunda vyake vyeupe ni sumu.

Kuhusu nyoka, mpe mama mkwe heshima zake, lakini nyoka hana shida na manukato. Anafuata panya, vyura na mijusi, na anapenda kichaka kizito chenye ubaridi chini yake. Ukipunguza matawi ya chini pakawa peupe, ukaondoa na lile rundo la matofali ambalo naamini lipo, atatafuta nyumba nyingine. Mwambie mama mkwe umefyeka kwa sababu yake. Ni kweli, na itakusaidia katika mengine.

Na mume umwambie zawadi imepokelewa kwa mikono miwili. Haijafukuzwa kazi, imepewa uhamisho.

Bi Kitalu, nakusalimu. Mimi ni mtu mzima, nakaa Unguja. Nilipanda mlangilangi mke wangu akiwa na mimba ya kwanza. Sasa mti umepita paa, maua yote yako juu, sisi tulio chini tunaambulia majani makavu. Jirani wa ghorofa ya pili ananyoosha mkono dirishani anachuma kwa raha zake. Mkewe ananukia, wangu ananuna. Je, nimshitaki kwa sheha?
*Mwenye Mti Asiye na Maua, Unguja*

Salama, bwana mkubwa. Kabla hujaenda kwa sheha, jiulize utamwambia nini. Umeuacha mti upande juu miaka yote hiyo, jirani yako akajenga dirisha, na mti ukachagua.

Mlangilangi ukiachwa unapita mita 15 bila kugeuka nyuma. Kule Komoro, visiwa vinavyojulikana duniani kwa mafuta ya langilangi, wakulima hawaruhusu hayo. Wanaukata kilele ungali mchanga, kwenye urefu wa mita mbili hivi, na matawi wanayainamisha yakue kwa upana, ili mchumaji achume akiwa amesimama chini. Mafuta yanayopatikana hapo husafiri hadi Ufaransa kwa watengenezaji wa manukato. Langilangi imo katika Chanel No. 5 tangu ilipotolewa mwaka 1921. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Cha mlangilangi, mti ndio unaoinama.

Wako umeshakuwa mzee, kwa hiyo usiukate wote kwa siku moja. Mwite fundi mwenye kamba, apunguze matawi ya juu kwa awamu, msimu huu kidogo na msimu ujao kidogo, huku ukiyaacha machipukizi ya chini yakue. Kisha ujifunze kuchuma. Ua la langilangi linatoka kijani, na likiwa kijani halina maana. Linachukua muda, petali zinarefuka na kujikunja, zinageuka manjano, na ndani kabisa, kwenye shina la petali, inatokea alama ya wekundu. Hapo limeiva. Lichume alfajiri, jua halijapanda, kwa sababu mchana sehemu kubwa ya harufu inakwenda zake.

Na jirani? Mpelekee kikapu chenye kamba. Mwambie achume ya juu, nusu ateremshe kwako, mpaka mti utakapokatwa. Mpaka leo yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiutumia mti wako ipasavyo.

Bi Kitalu, mambo! Samahani, shikamoo. Mimi ni kijana wa Mombasa, kazi imenileta Nairobi, nakaa ghorofa ya tano. Nilikuja na mche wa mlangilangi kwenye basi, nimeupakata njia nzima. Tangu Juni unapukutisha majani, na sasa umebaki fimbo. Nautilia maji kila siku. Nataka harufu ya nyumbani.
*Fimbo Mkononi, Nairobi*

Marahaba, mjukuu wangu. Harufu ya nyumbani naielewa, lakini mti hujauonea huruma. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na Julai usiku wake unamtafuta mtu mpaka kwenye mifupa. Mlangilangi ni wa nchi tambarare yenye joto na unyevu. Ukipigwa na baridi mizizi inalala, na wewe unaizamisha kwa maji kila siku. Punguza maji, usubiri joto lirudi, na usimwahidi mtu yeyote maua.

Badala yake fanya hivi. Tafuta brunfelsia, mti mdogo ambao Nairobi umejaa kwenye nyua za watu: ua linachanua zambarau, kesho yake linafifia, kisha linakuwa jeupe, hivyo mti mmoja unakuwa na rangi tatu kwa wakati mmoja, na jioni unanukia. Unapenda hali hiyo hiyo inayoua mlangilangi wako. Ila kama mwenye nyumba ana mbwa, uweke mbali, maana ni sumu kwake. Halafu panda mwasumini kwenye chungu, na miezi ya baridi uingize ndani karibu na dirisha lenye jua. Na mrehani kwenye kopo, jikoni, ambao ukiupitisha kiganja tu utadhani uko uani kwa bibi yako.

Wewe mwenyewe vaa sweta. Utazoea.

Dada yangu Bi Kitalu, binti yangu anaolewa mwaka huu. Nataka vikuba vyenye kilua kutoka bustanini kwangu, si vya kununua. Nilipanda mkilua mahali pazuri, katikati ya uwanja, jua asubuhi mpaka jioni, na umeungua majani. Mkadi nao umetoa kitu kama nanasi kisicho na harufu. Harusi inakaribia.
*Mama Bi Harusi, Mombasa*

Dada yangu, hongera. Mkilua ni mti wa msitu wa pwani yetu, Kenya na Tanzania, unaokaa chini ya miti mikubwa. Wataalamu wa mimea walikuja kuusajili mwaka 1970 kwa jina la *Mkilua fragrans*, huku akina mama wakiwa wameshauvaa kifuani miaka nenda miaka rudi. Wewe umeuanika juani. Uhamishie chini ya mwembe, uufunike mizizi kwa majani yaliyooza, uumwagilie bila kuuzamisha. Hauna haraka, na harusi ina haraka. Kwa hiyo kilua cha binti nunua bila aibu kwa wale akina mama wanaouza jioni, na huo wa mwembeni uwe wa harusi ya mjukuu.

Mkadi wako ni jike. Mikadi iko dume na jike mbalimbali, na ua linalonukia ni la dume. Hakuna mbolea itakayobadilisha hilo.

Lililo mikononi mwako ni asumini. Zichume alasiri, zikiwa vitumba vyeupe vilivyofunga, vimenona, vinakaribia kufunguka. Ua lililokwisha kuchanua likishikwashikwa kingo zinageuka kahawia. Tumia sindano nyembamba na uzi wa pamba, pitisha kwenye kikonyo cha kijani chini kidogo ya kitumba, vitumba viangalie huku na huku kwa zamu. Likitimia, lifunge koja kwenye kitambaa chenye unyevu au jani la mgomba, uliweke mahali pa baridi. Kwa vikuba, shika majani ya mrehani, katikati tia kilua na vipande vyembamba vya mkadi, zungushia asumini, funga kwa uzi. Avalishwe magharibi. Asumini hufunguka usiku, kwa hiyo zitachanua zikiwa kichwani mwake, mbele ya wageni, na hakuna atakayeuliza kilua kimenunuliwa wapi.

MAJIBU YA MKATO

*Kwa Manjano Tupu, Lamu:* Gardenia yako haina ugonjwa. Jani likiwa manjano na mishipa ikabaki kijani, mti unakosa chuma, kwa kuwa udongo wa matumbawe na maji ya kisima vina chokaa nyingi. Panda kwenye chungu chenye udongo wa majani yaliyooza, unyweshe maji ya mvua ya jabiani. Na acha kuutia majivu, unaongeza tatizo.

*Kwa Tawi Bovu, Morogoro:* Tawi la franjipani halipandwi siku linapokatwa. Liache kivulini wiki moja au mbili mpaka kidonda kikauke, ndipo ulizike. Utomvu wake usikuingie machoni.

*Kwa Mwenye Mhina, Muscat:* Unalalamika mhina wako hautoi yale maua madogo yenye harufu, na katika barua hiyo hiyo unasema kila mwezi unavuna majani yote. Hina ya mikononi au harufu ya uani: tenga upande mmoja wa mti usiguswe.

*Kwa Bwana Marashi, Nairobi:* Umepulizia manukato mawaridi ya dukani kabla wakwe hawajafika. Waridi nyingi za kuuza zimezalishwa ili zikae siku nyingi kwenye chombo, na harufu ikaachwa njiani. Wakwe wamejua. Waridi la kweli halinuki kama kinyozi.

Atakayeandika wiki ijayo aanze kwa kunijibu manne: mti unapata jua saa ngapi, maji yanatoka wapi, kitawi ulipewa na nani, na maua anachuma nani. Wengi wenu mkifika swali la nne mtaichana barua wenyewe, na mtakuwa mmeniokolea muda.