Namna ya Kudanganya kwa Heshima: Stesheni ya Bukene Juu ya Ubao Mmoja

Nzega mjini treni haifiki. Hapa njia panda yanapita malori ya Kigali na Bujumbura na mabasi ya Mwanza. Ukitaka kusikia honi ya treni, nenda Bukene, ndani ya wilaya hii hii, kwenye tawi la Tabora hadi Mwanza lililofunguliwa mwaka 1928. Kwa hiyo mtu wa Nzega mwenye ugonjwa wa treni ana tiba mbili: kufunga safari kila akizidiwa, au kuijenga Bukene yake chumbani. Mwongozo huu ni wa tiba ya pili.

Najua ulivyoanza. Ulishika jarida la reli ndogo, pengine Model Railroader la Marekani, linalotoka tangu 1934, au Railway Modeller la Uingereza, la tangu 1949. Ukaona milima yenye theluji, madaraja marefu, vichwa vya treni vyenye kutu mpaka kwenye misumari. Ukatamani. Na najua pia unachokitaka kweli: jirani aingie, asimame mlangoni, ashike kifua, aseme, "Mama yangu, hii ni Bukene!" Usione haya. Kila mjenzi wa reli ndogo anakitaka hicho hicho, na wale wa kwenye majarida wanakipata kwa udanganyifu waliousomea vizuri. Nitakufundisha.

Hatua ya kwanza: kata bila huruma

Piga hesabu mara moja tu, kisha uisahau. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma reli ina kilomita 1,252. Ukiipunguza kwa kipimo cha 1 kwa 87, ambacho ndicho kinachopendwa zaidi duniani, bado utahitaji zaidi ya kilomita 14 za meza. Hata njia ya kupishania treni yenye mita 600 ingekula karibu mita 7. Huna chumba hicho. Wajenzi wa kwenye majarida pia hawana. Ukiona stesheni kubwa kwenye jarida, jua imekatwa nusu, au theluthi mbili, na mwenyewe hakuomba ruhusa kwa mtu.

Basi nunua plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, mwambie fundi aipasue kwa urefu, uunganishe vipande viwili kichwa kwa kichwa. Umepata futi 16 kwa 2. Sasa chagua vitu vichache ambavyo bila hivyo Bukene si Bukene: jengo la stesheni, njia ya kupishania, miembe na watu wanaosubiri. Vingine vyote vitupe. Handaki pia litupe. Majarida yanapenda mahandaki kwa sababu yanaficha treni, lakini huku kwetu ni tambarare na kila mtu anajua. Mwenye kiu ya handaki ahamie Kilosa akajenge SGR, ile reli mpya.

Hatua ya pili: danganya upana wa reli

Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja, tangu Wajerumani walipoianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Tabora 1912 na Kigoma 1914. Reli ndogo za madukani nyingi zina milimita 16.5, na hizo kwa kipimo cha 1 kwa 87 ni sawasawa na reli ya milimita 1,435, upana wa SGR. Yaani ukinunua seti ya kawaida umenunua SGR bila kujua.

Una njia tatu za kutoka hapo. Ya kwanza, agiza reli ya milimita 12. Zidisha kwa 87 upate 1,044. Umekosea milimita 44, na hakuna binadamu atakayeziona. Ya pili, kubali kuwa una SGR, simamisha nguzo za umeme kandokando, useme unajenga Tabora kwenda Isaka ya miaka ijayo. Ya tatu ndiyo ya wajanja: tumia seti uliyonayo, lakini inua meza mpaka ifike kifuani. Anayeitazama treni kutoka juu anaona upana wa reli. Anayeitazama kutoka ubavuni anaona magurudumu na mabehewa tu. Majarida yanasifu sana meza zilizoinuliwa, yakisema zinampeleka mtazamaji ndani ya mandhari. Ni kweli, na pia zinaficha dhambi.

Hatua ya tatu: ficha miisho

Hapa kaa nami kidogo, maana hapa ndipo reli ndogo inapofia au kupona. Treni ikitokea ukingoni mwa ubao na kupotelea ukingo wa pili, mtazamaji anakumbuka kwamba anaangalia ubao. Lazima itoke mahali na iende mahali.

Mmarekani mmoja, Frank Ellison, aliandika miaka ya 1940 kwamba reli ndogo ni jukwaa la maigizo na treni ndizo waigizaji. Mwigizaji haishi jukwaani. Anaingia, anasema yake, anatoka, na nyuma ya pazia kuna chumba ambacho hadhira haikioni. Nawe weka vyumba hivyo. Mwisho wa kushoto wa ubao, nyuma ya kibao kilichochorwa mbingu na miombo, kuwe na njia mbili za kuegesha treni. Hiyo ndiyo Tabora yako. Mwisho wa kulia fanya vivyo hivyo, paite Isaka. Treni ikipotea nyuma ya miembe mitatu mikubwa, mgeni mwenyewe ataimalizia safari kichwani, na ataimalizia kwa uzuri kuliko unavyoweza wewe kwa mbao na gundi.

Usilaze reli sambamba na ukingo wa ubao. Ilaze mshazari kidogo, ianze karibu na wewe upande mmoja na iishie mbali upande wa pili. Reli ya Bukene imenyooka, iache inyooke, ila ubao wako usionekane ndio ulioamua inyooke wapi. Kosa la kulaza sambamba utaliona kwenye kazi za watu wengi walioweka fedha nyingi kuliko wewe.

Na kioo. Mwalimu wa vioo alikuwa John Allen wa Monterey, California, ambaye reli yake iliyoitwa Gorre & Daphetid ilijaza kurasa za majarida kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1973, na siku chache baadaye reli yake ikaungua. Allen alikuwa akisimamisha kioo mahali panapofaa, mtaa mmoja ukaonekana miwili. Fanya hivyo pale barabara yako ya vumbi inapogonga kibao cha nyuma: simamisha kioo kidogo, ziba kingo zake kwa kibanda upande mmoja na mkwaju upande wa pili. Kigeuze kidogo, mgeni asije akajiona pua. Na karibu yake usiweke bango lolote la maandishi, maana yatasomeka kinyume.

Hatua ya nne: iba ardhi

Wenzetu wa Ulaya hununua udongo kwenye vikopo. Wewe nenda Bukene na mfuko. Chota mchanga kando ya stesheni, uanike, kisha uuchekeche kwa chujio la chai mpaka ubaki kama unga. Halafu, na hili usilipuuze, pitisha sumaku ndani yake mara kadhaa. Udongo wetu una chembe za chuma, na chembe hizo zikirukia kwenye mota ya kichwa cha treni, zitaisaga. Ukimaliza, paka gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, nyunyiza, acha ikauke. Hakuna kopo la Ujerumani lenye rangi ya Bukene, nawe umeipata bure.

Nyasi ni katani. Ikate vipande vya milimita tano, uisimamishe kwenye gundi kwa vishungi. Haihitaji rangi, kwa sababu tayari ina rangi ya nyasi za Septemba. Jenga kiangazi, rafiki yangu. Masika yanadai kijani cha aina kumi, na mvua haijengeki.

Miembe itengeneze kwa waya wa shaba uliosokotwa, na majani yawe sponji ya godoro iliyosagwa na kupakwa kijani kizito. Mwembe una kivuli kizito na umbo la duara, kwa hiyo hata ukikosea utaonekana mwembe. Miti ya mbele iwe mikubwa na yenye rangi kali. Ya nyuma iwe midogo, iliyopauka, yenye ubuluu kidogo. Jicho litaamini kwamba umbali ni kilomita mbili, kumbe ni sentimita 40.

Hatua ya tano: chafua treni

Kichwa kipya kinachong'aa ni cha dukani. Saga tofali, saga mkaa, chukua brashi ya zamani. Vumbi jekundu chini ya mabehewa, masizi juu ya kichwa. Chafua kila behewa tofauti na mwenzake, kisha acha moja liwe safi, kama limetoka karakana jana. Hilo moja ndilo litakalofanya uchafu wa mengine uaminike.

Ukipenda mvuke, kuna vichwa vya kundi la 30 la Reli za Afrika Mashariki, vilivyotengenezwa Glasgow miaka ya 1950 vikiwa na nafasi kubwa ya maji kwa ajili ya njia kavu kama zetu. Kimoja, namba 3020 chenye jina Nyaturu, kimehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Jina la majirani zetu wa Singida liko ubavuni mwake. Kwa mtu wa Nzega, hicho ndicho cha kutafutia picha.

Hatua ya sita: weka watu, lakini wasikimbie

Mtu mzima kwa kipimo chetu ana sentimita mbili tu. Umbo lake ni waya, gundi na tone la rangi. Usihangaike na sura. Hangaika na mikao. Mtu aliyegandishwa akikimbia anachekesha baada ya dakika moja, kwa sababu hafiki. Mtu aliyeketi juu ya gunia akingoja treni anaaminika mwaka mzima. Tengeneza wanaongoja: akina mama wenye mabeseni ya karanga, mzee na kuku wake wawili, kijana aliyelala juu ya begi, mfanyakazi wa stesheni mwenye bendera.

Wapange kwa mafungu, wasitawanyike kwa usawa. Fungu kubwa liwe kwenye kivuli cha mwembe, kwa sababu huko ndiko watu wanakokaa kweli. Jukwaa lenye jua kali liache tupu. Kwa namna hiyo watu kumi na wawili watafanya kazi ya mia, na mgeni atalisikia jua la saa saba bila kuambiwa.

Hatua ya saba: umeme

Treni ndogo za kawaida zinakwenda kwa volti 12, umeme wa betri. Betri ya sola au ya pikipiki inatosha, na Nzega nzima ikiwa gizani Bukene yako itakuwa inatembea. Weka kidhibiti mwendo, weka na fyuzi, maana bisibisi ikiangukia reli mbili waya utaungua. Futa reli kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya wageni. Umeme unapitia magurudumuni, na vumbi letu halina adabu.

Hatua ya nane: nenda polepole

Huu ndio udanganyifu wa bei rahisi kuliko wote, na ndio unaosahaulika zaidi. Treni ya kilomita 60 kwa saa, kwa kipimo chetu, inakwenda sentimita 19 kwa sekunde. Futi zako 16 zitakwisha kwa sekunde 25. Ipunguze ifike mwendo wa kilomita 20 kwa saa, na ubao ule ule utachukua zaidi ya dakika moja. Umeongeza reli mara tatu bila kununua hata kipande.

Halafu isimamishe. Njia ni moja, kwa hiyo treni ya abiria lazima iingie pembeni isubiri ya mizigo inayotoka Isaka. Isubiri kweli. Wageni wataanza kuulizana iko wapi hiyo ya Isaka, watachungulia nyuma ya miembe, na honi ikilia mafichoni watageuka wote kwa pamoja. Majarida yana kurasa nyingi kuhusu uendeshaji wa treni kwa ratiba, na sababu yake ni hii: treni inayozunguka duara inachosha, treni inayongojwa haichoshi.

Hatua ya tisa: mshinde mjuzi

Kumbuka unaishi mkoa wenye chuo cha reli, pale Tabora mjini. Siku moja atakuja mtu aliyefanya kazi relini maisha yake yote. Ataona bendera imeshikwa mkono usiofaa, na behewa la breki limekaa mbele badala ya nyuma. Usijitetee, wala usimwambie habari za kipimo na nafasi.

Muulize swali moja: "Mzee, enzi zako marobota ya pamba mlikuwa mnayapakilia upande gani?" Atakuonyesha kwa kidole. Kisha atasogeza behewa kwa mkono wake. Kisha atauliza hiki kidude kinaongezaje mwendo. Mpe kidhibiti, mvutie kiti kirefu upande wa Tabora, wewe hamia Isaka ukapange treni ya mizigo, kwa sababu kuanzia hapo atakudai iondoke kwa wakati.